Tundu la Kwa Bi Rukia

Mjukuu wangu Nasra,

Pokea salamu za huku Mji wa Kale. Sote tu wazima, na paka wako amezaa tena ndani ya kabati langu la nguo.

Waniuliza kwa nini nimemkataza fundi wa intaneti kuliziba lile tundu la jikoni. Miaka ya tisini babu yako alileta kompyuta mbili, akataka ya chini na ya juu ziunganishwe kwa waya. Nyumba zetu zimeshikana, na fundi alidhani nyuma ya ukuta kuna ngazi yetu. Akatoboa, akatokea jikoni kwa jirani, Bi Rukia. Mimi naye tulikuwa hatusemezani tangu harusi ya dadake.

Vumbi lilimwagikia unga wake. Nikangoja matusi. Sauti yake ikatoka tunduni, taratibu:

"Basi niletee unga mwingine, nakanda mahamri."

Nikampelekea, nikakaa hadi adhuhuri. Waya ulipitishwa kwingine. Tundu tuliliacha, tukawa tunaamkiana hapo kila asubuhi.

Bi Rukia hayupo tena, Mungu amrehemu, na jiko lake sasa ni stoo ya duka. Lakini kabla ya kubandika chai, bado nainama pale nikasema sabalkheri.

Nyanyako