Benchi la Wanaosubiri Chai

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, ingawa najua utasema shikamoo yangu haina adabu ndani yake. U hali gani? Magoti yanasemaje, wajukuu wanasemaje, na yule paka wako mwizi bado yu hai? Mimi sijambo, meno yamebaki ya kutosha kusengenyea watu. Huku asubuhi kuna ukungu mwepesi, na dirisha langu la dawa linafunguka kama jicho la mtu ambaye hajaamua kuamka.

Nimepata salamu zako kwamba umechoka tu, ni uzee, nisikusumbue. Lakini binti yako alinipigia simu. Anasema unalala umekaa, unavaa sweta mchana wa jua kali, na sauti imekuwa nzito kama ya mjomba. Nikikuomba uje upimwe unanijibu kwamba mimi ni mgawa vidonge, si daktari. Kweli kabisa, na shule yenyewe niliikimbia. Kwa hiyo leo sikupi amri, nakupa habari. Ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama unakuja au unaendelea kusinzia.

Hapa zahanati tuna wagonjwa wa tezi ya shingo. Ni kitezi kidogo tu chini ya koo, lakini kikizembea, mwili mzima unazembea nacho. Dawa yake ni kidonge kidogo sana, kinamezwa kila asubuhi kwa maji matupu, kisha mtu anasubiri karibu saa nzima kabla ya chai. Chai ikiwahi, dawa haishiki. Wengine wakiwa nyumbani harufu ya chai inawashinda, basi wanakuja kumezea hapa. Wanakaa kwenye benchi nje ya dirisha langu, wamejifunika mitandio, wanalitazama birika langu kama watu wanaomtazama mchumba wa mtu mwingine. Nililiita Benchi la Wanaosubiri Chai. Nilikuwa nakunywa yangu mbele yao kwa makusudi, napuliza mvuke uwaendee. Fundi cherehani, mama mmoja mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake, aliniapia kwamba nikifa atakuja msibani na birika.

Basi dawa ikaadimika. Mzigo haukuja, maduka yakakauka, na benchi likaanza kupunguza mwendo. Fundi tezi yake ilikatwa yote zamani, hana pengine pa kuchota nguvu. Akawa anakuja akitembea kama mtu aliye chini ya maji. Siku moja alitusimulia kwamba ameshona mikono yote miwili ya gauni upande mmoja. Akacheka, na kicheko chake kilifika nyuma ya maneno, polepole, kama kinatoka chumba cha mbali. Nilitamani anitukane. Hakuwa na nguvu za kunitukana.

Mfamasia wetu alipiga simu kila mahali akajibiwa hakuna. Nikamwambia lile hakuna la kwenye simu linasemwa na mtu aliyekaa. Akanituma mimi. Ndiyo ikawa kazi yangu: naingia duka la dawa au ghala, naegemea kaunta, napiga soga, sitoki mpaka mtu anyanyuke akaangalie rafu ya nyuma. Vikasha vya dawa hii ni vidogo, hujificha nyuma ya maboksi ya dawa za kikohozi. Mwenye ghala mmoja, mama aliyenuna tangu azaliwe, aliniambia mimi ni kero kuliko panya. Nikamjibu kwamba panya hawezi kuyasifu macho yake. Akanyanyuka. Akarudi na vikasha vimejaa vumbi, ila tarehe zake bado nzuri. Vilikuwa vya kipimo kingine, kwa hiyo daktari wetu akakaa na kumpangia kila mgonjwa upya, huyu nusu, yule kimoja na nusu. Taratibu fundi akarudi kutoka huko chini ya maji, na tusi lake la kwanza nililipokea kama zawadi.

Sasa Dada, kaa vizuri. Katika mizunguko hiyo na mimi nilianza kuelea. Nilikuwa nasimama dirishani, kikasha mkononi, namwona Mama yetu marehemu anapita kati ya rafu na mtandio wake shingoni, ananiambia nivae sweta. Wala sikushangaa. Nilimuuliza kama amekula. Fundi ndiye aliyenishika. Aliniambia kwamba kicheko changu siku hizi kinachelewa kama kilivyochelewa chake.

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe ni wa benchi. Daktari alinipima mwaka jana. Lakini baada ya kuwacheka vile, ningekaaje nao? Nikawa nameza kidonge changu kwa siri nyuma ya rafu, kisha natoka na kikombe papo hapo, wasinishtukie. Mimi, ninayewahubiria kila asubuhi wasubiri. Chai yangu ya maringo ilikuwa inaila dawa yangu mwenyewe. Daktari alipojua alicheka mpaka akavua miwani, halafu akanuna, akaniuliza nani mwingine katika familia aliwahi kuwa hivi. Nikamjibu hakuna. Nilisema nikiwa nimekaa.

Nilinyanyuka kurudi dirishani ndipo nikamkumbuka Mama sawasawa. Ule mtandio hakuuvua hata kwenye joto, na chini yake shingo ilikuwa imejaa. Unakumbuka alivyokuwa akilala mchana ameegemea ukuta, sisi wawili tumekaa miguuni pake tukinong'ona kwamba amesafiri, akirudi ataleta peremende? Tulidhani ni usingizi mtamu, Dada. Hakuna aliyenyanyuka akaangalie rafu ya nyuma.

Sikutumii kidonge kwenye bahasha hii, damu ipimwe kwanza. Ikiwa ni uzee tu, utanicheka mpaka nizikwe. Ikiwa si uzee, dawa nitaitafuta, kaunta zote za mji huu zinakijua kiwiko changu.

Msalimie binti yako, umwambie hajasengenya, ameokoa. Paka mpe pole zangu. Mimi sasa nakaa benchini asubuhi, na birika limehamia mapajani kwa fundi, halifunguki mpaka saa yetu itimie. Kati yangu na yeye kuna nafasi, jua linaifikia mapema. Nimeweka kofia yangu pale, asikae mtu.

Ni mimi mdogo wako nisiyekua,
Kiroboto