Kwa Tonton Bavon, Mwalimu wa Wimbo wa Kusimamisha Miti

Mwaka umezunguka, Tonton Bavon, baba yangu mdogo, tangu maji ya maporomoko ya Wagenia yalipokuchukua mbele ya macho yetu. Maji yameshuka tena. Miti mipya imekatwa, imelala kando ya mto, na wanaume wanaipita bila wimbo.

Ulikuwa mwalimu wa mwaka wa tano. Mimi pia nilipita mikononi mwako, kabla masomo yangu hayajaishia hapo kwenye shule ya msingi. Asubuhi ulikuwa unafika kwa toleka, umekaa nyuma ya baiskeli ya watu na suruali umeikunja isishikwe na mnyororo, na tayari unaimba. Mwenye baiskeli alikuwa analalamika: "Maître, ukiimba unakuwa muzito!" Na wewe: "Kanyaga pamoja na wimbo, utaona njia inapunguka."

Hukumpiga mtoto hata mmoja kwa sababu ya shairi. Ulisema mtoto wa mvuvi anakuja shuleni na mashairi tayari kichwani, ila hakuna aliyemwambia kwamba yale ni mashairi. Ndiyo maana ulichukua wimbo wetu, ule wanaume wanaimba wakisimamisha kwenye mawe ile miti mikubwa ya kufungia mitego ya samaki, ukauandika ubaoni:

Mama mkwe, tumekuja kwa upole,
geuza uso, tupite kando yako.

Cathy, mtoto wa jirani yetu, bado anatusimulia siku ile.

"Batoto, ndani ya maji kuko bokilo? Kuko mama mukwe ya mutu?" uliuliza.

Darasa lote likacheka.

"Bon. Juu ya nini wimbo inaita maji mama mukwe?"

Cathy akasimama. "Maître, papa yangu akiona koko, mama ya mama, anageuka, anapita nyuma ya nyumba. Hata kama iko na njaa na lituma ya ndizi iko ku meza."

"Na mvuvi?"

"Yeye pia anapita kando. Hawezi kuja mbele ya maji na kifua juu."

"Alors wangesema tu, maji iko na nguvu."

"Hapana, Maître. Ukisema iko na nguvu, unaogopa, unakimbia. Ukisema iko bokilo, unaogopa, unaheshimu, na kesho unarudi, juu yeye njo alikupa muke!"

Wanasema ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukawaambia hiyo ndiyo kazi ya shairi: unaita kitu kwa jina la kingine, na kile cha kwanza unakiona vizuri kuliko jana.

Papa Valère, kaka yako mkubwa, baba yangu mimi, hakucheka. Yeye ndiye anaanzisha wimbo, amesimama juu ya jiwe, na wengine wanaitikia na kuvuta. Alikuja uani kwako, Tantine Marceline, mke wako, anatwanga majani ya pondu, akasema:

"Bavon, unaanika wimbo ku tableau kama samaki juu ya jua. Utaikausha."

"Yaya, mukubwa yangu, samaki ya kukauka njo inafika mbali."

"Fika nayo basi. Mimi kazi yangu iko hapa karibu, ndani ya maji."

Mlikula pamoja siku ile, mkono wako na wake sahani moja. Hakuna aliyekasirika.

Ilipofika likizo ulienda kuwasaidia wavuvi, kama kila mwaka. Papa alikuwa anaimba. Sisi wanawake tulikuwa juu ya mawe na mabeseni yetu. Kamba iliteleza, mti ukalala upande wako, na wimbo ukakatika katikati. Papa aliruka kabla ya wote. Alirudi na shati lako tu mkononi. Wewe tulikupata kesho yake, chini kule ambako maji yanatulia.

Kwenye matanga Papa alisema neno moja: "Wimbo ilishakauka. Maji haikuisikia tena."

Tangu hapo hajaimba. Wanasimamisha miti kwa kuhesabu, un, deux, trois. Wewe ungeona mara moja ubaya wake. Kwenye trois kila mtu anavuta, halafu anaachia ili apumue, na mti unabaki hauna mtu. Wimbo una mstari mrefu, unashika mikono yote pamoja mpaka mti ukae kwenye tundu lake. Juma lililopita Sadrack, mume wangu, alirudi na mkono umevimba, kucha zimetoka. Nilimwambia aongee na Papa.

"Fanny, ule iko bokilo yangu, baba mukwe," alisema. "Nitamwambia nini? Mimi napita kando."

Alijaribu kucheka. Mimi sikuweza. Miti mikubwa, ile ya katikati ya maji, wanaisimamisha Jumatatu.

Tonton, kuna jambo moja ambalo Papa hajalisikia. Cathy aliniambia tukiwa bombani. Siku ile ulipoandika wimbo, juu kabisa ya ubao uliacha nafasi tupu. Watoto wakapiga kelele: "Maître, umesahau mwanzo!" Ukawajibu: "Sikusahau. Ya mwanzo haiko yangu, haiko yenu. Iko ya mutu mwenye kusimama juu ya jiwe."

Kwa hiyo hukuuanika wote. Mpaka leo watoto wakiruka kamba wanaimba maitikio tu, wanaingilia katikati kama watu waliochelewa. Nimewasikiliza mara nyingi, nikingoja mmoja wao akosee, atie maneno yake pale mwanzo. Hawatii. Wimbo haujakauka, Tonton. Umekosa mwanzo.

Jumapili hii tutakuombea parokiani kwetu, misa ya asubuhi, kisha tutashuka wote mpaka kwenye mawe. Watoto uliowafundisha watakuja na nguo zao za shule. Watasimama, watangoja. Kama hakuna wa kuanzisha, watanyamaza pamoja nasi, tutarudi nyumbani kula, na Jumatatu Sadrack atashuka majini na un, deux, trois.

Nilimuuliza Papa kama niweke jina lake hapa. Alikuwa anafunga mtego, redio yake pembeni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akaendelea kufunga. Basi nafasi ya kwanza kwenye majina tumeiacha wazi, sawa vile ulivyofanya wewe. Na wewe unayetusomea tangazo hili redioni, tunakuomba, ukifika hapa nyamaza kidogo.

Tunaokukumbuka:

. . . . . . . . . .

Marceline, mke wako;
Franck na Déborah, watoto wako;
Sadrack, mkwe wetu;
watoto wote wa darasa lako;
na mimi Fanny, mtoto wa kaka yako.

Siku zote uko nasi, Tonton. Maitikio tunayo yote.