Mizani ya Baruti na Sahihi Yangu

Ijumaa, mchana. Vumbi limeficha hata jengo la jirani, na mimi nimejifungia ndani na hasira zangu.

Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi. Nimesugua sufuria mpaka Achieng, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Abu Hamour, Qatar, akaniuliza kama ni sufuria imenikosea. Haijanikosea. Aliyenikosea anaitwa Mister Nabil, na nisipoandika leo nitapasuka.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa vipimo katika klabu ya kulenga shabaha, upande wa Umm Salal. Wanachama wetu wakifanya mazoezi, maganda ya risasi huokotwa, husafishwa na kujazwa baruti upya. Anayejaza ni Wasswa, Mganda mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Kazi yangu ni kuhakikisha ile mizani ya kielektroniki anayopimia baruti inasema ukweli. Baruti ya risasi moja ya bastola ni kidogo mno, hata chumvi unayotia kwenye mboga kwa vidole viwili ni nyingi kuliko hiyo. Ikizidi ni hatari. Ikipungua ni hatari vilevile.

Wiki mbili zilizopita Nabil, msimamizi wetu wa karakana, aliamua meza ya mizani isogezwe hadi kwenye ukuta wa kioo. Ati wageni wakipita waone kazi ikifanyika. Juu ya mahali hapo pana tundu la kiyoyozi.

Kesho yake mizani ikaanza vituko. Unaweka kisahani kitupu, unairudisha sifuri, unageuka kuchukua kijiko, ukitazama tena inasoma kitu. Kitu gani? Hakuna kitu. Nikaanza na mambo ya kawaida. Nikaiacha iwake nusu saa ipate joto. Nikaangalia kama meza imelala sawa. Nikapuliza chembe zilizoingia chini ya kisahani, nikabadilisha soketi, nikaweka simu yangu mbali. Wapi! Namba zilikuwa zinapanda na kushuka tu.

Nikamwambia Nabil nashuku upepo. Alicheka.

"Sista, hii ni digital. Digital haisikii upepo."

Mtu ambaye hajawahi kufungua hata redio!

Sasa nifike Jumanne, kwa sababu siku hiyo ndiyo inayonichoma. Wageni walikuwa wanakuja mazoezi, na kila asubuhi kabla Wasswa hajaanza kujaza, lazima nijaribu mizani kwa jiwe lake lenye uzito unaojulikana, kisha nitie sahihi kwenye fomu. Nabil alisimama mlangoni akipiga makofi kuniharakisha, "Yalla, yalla!" Nikaweka jiwe. Mizani ikakosea. Nikaweka tena. Ikakosea. Mara ya tatu ikapatia.

Nikatia sahihi.

Alasiri mwanachama mmoja alifyatua bastola, na badala ya mlio ikatoka sauti ndogo kama chupa ya soda inafunguliwa. Mlinzi wa uwanja alipiga kelele, "Usifyatue! Weka chini!" Bahati yule bwana alisikia. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Angefyatua ya pili, bastola ingempasukia mkononi.

Haikupita dakika kumi Nabil akawa amempata mkosaji. Alimvua Wasswa kadi ya kuingilia mbele ya watu wote.

"Ulikuwa kwenye simu. Rudi chumbani. Nitaandika urudishwe kwenu."

"Nimepima kila moja, bosi," Wasswa alisema. "Kila moja."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilitazama viatu vyangu.

Jumatano nilifika mapema nikiwa nimevimba kwa hasira. Nikazima kiyoyozi: mizani ikatulia kama imelala. Nikakiwasha: ikaanza kupanda. Nikarudia mara kumi, nikaandika kila namba. Hata mtoto angeelewa. Kiyoyozi chetu huwaka na kuzima chenyewe. Kikiwaka, upepo unakandamiza kisahani, mizani inadhani baruti imetosha, kumbe haijatosha. Wasswa aliamini namba aliyoiona, na ile namba ilikuwa na sahihi yangu nyuma yake.

Nikampelekea Nabil karatasi. Hakuisoma.

"Khalas, imeisha," alisema. "Mtu ameshapatikana. Unatafuta nini tena?"

Mtu ameshapatikana! Maneno hayo yamekaa kichwani mwangu siku tatu. Hayasemi ameshapatikana na kosa. Ameshapatikana tu, kama unavyopata kitambaa cha kufutia meza.

Basi jana Alhamisi nikamruka. Nilipanda ghorofani kwa Bi Maryam, mkuu wa usalama wa klabu, mama wa Kiqatari asiyependa maneno mengi. Alishuka nami karakanani. Nikawasha, nikazima, nikawasha. Alizitazama zile namba. Nabil alikuja mbio, akasikiliza kidogo, kisha akatoa fomu ya Jumanne na kuinyoosha mezani.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

Bi Maryam akanigeukia. "Asubuhi ile mizani ilikuwa sawa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ya tatu si ilipatia?

"Hapana," nikasema. "Ilikosea mara mbili. Nilichukua ya tatu."

Saa sita mchana Wasswa akarudishiwa kadi. Mimi nikapewa barua ya onyo. Meza ikarudishwa mahali pake pa zamani. Nabil je? Nabil ameandika kanuni mpya ya kuweka mizani mbali na kiyoyozi, akaibandika ukutani na jina lake chini! Jioni nilimsikia akimweleza mgeni kwamba yeye ndiye aliyegundua tatizo. Nilishika kitasa cha mlango kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

Lakini si hilo lililonifanya nisugue sufuria.

Nilimkuta Wasswa nje akisubiri basi la wafanyakazi. Nilimwendea nikitabasamu, nikijua atanishukuru. Si nilikuwa nimempigania?

"Nafula," alisema, "siku mbili nguo zangu ziko kwenye sanduku. Nimeshamwambia mama watoto kwamba narudi, na amelia kwenye simu. Wewe ulijua tangu Jumanne?"

"Nilikuwa nashuku."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi sawa," akasema, bila kupaza sauti. Basi lilipofika, akaenda kukaa kiti cha mbele, kando ya dereva. Siku zote huwa tunakaa pamoja nyuma.

Nilikasirika. Nilipokuwa nikishuka kwenye basi nilikuwa nasema moyoni, huyu naye hana shukrani, nimekula onyo kwa ajili yake. Usiku kucha nimemkasirikia, na asubuhi nimemkasirikia, na nguo zimefuliwa, na sufuria zinang'aa.

Hajakosea hata neno moja.

Ningeweza kumwandika Nabil kurasa tano zaidi, na zote angestahili. Lakini Jumanne, pale uwanjani, Nabil hakunishika mdomo. Niliufunga mwenyewe. Nilihesabu haraka haraka: akiondoka Wasswa, sitaondoka mimi. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Hata Bi Maryam sikumwambia. Nilimwambia ya mizani tu.

Achieng amepika chai, anasema nimpigie Wasswa simu nimweleze vizuri jinsi Nabil alivyonikimbiza asubuhi ile. Sitampigia. Hayo ya kiyoyozi na "yalla, yalla" anayajua, alikuwepo. Asilolijua ni kwamba niliogopa, nikamwacha abebe lawama. Nitamwambia uso kwa uso Jumapili, wiki ya kazi ya huku inapoanza, kabla sijagusa mizani. Asiponijibu, sitamfuata.

Jumapili imekaribia kuliko ninavyotaka.