Mkono Wangu Ndio Kamba

Baray, Karatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako bado linakusumbua? Sisi huku ni wazima, ila mimi situlii. Nakaa, nanyanyuka, napika nasahau chumvi. Nimeona niandike, maana kwenye simu Tumaini anasikiliza kila kitu, na haya sitaki ayasikie.

Si nilikuambia nimekodi jaruba la mpunga, na tukivuna tutapanga chumba Karatu mjini nije kumchukua mwanangu Tumaini? Jaruba hilo limenitia aibu. Jirani zangu ni Wairaqw, watu wa mahindi na maharage. Siku ya kupanda walivuta kamba wakapanda kwa mistari, nikawacheka. Nikawaambia mtoto wa Kyela hafundishwi mpunga, mkono wangu ndio kamba. Nusu nikapanda kwa macho. Nusu nyingine alinisaidia Mama Paskalina wa jaruba la pili, naye alikataa katakata kupanda bila kamba yake.

Sasa wamepata mashine ya kupalilia. Haina injini, ni ya kusukuma: mpini mrefu, na mbele magurudumu yenye meno. Unaipitisha katikati ya mistari kwenye maji machache, unasukuma, unavuta, magugu yanazama topeni. Mama Paskalina alimaliza lake asubuhi moja. Nikaiazima. Kwenye mistari ilikwenda vizuri. Kufika upande wangu, nageuka nyuma, nimeng'oa mpunga na magugu yamesimama vilevile.

"Vipi, kamba imekatika?" Mama Paskalina akaniuliza. Nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Tangu hapo napalilia kwa mikono. Nikifika mwisho, nilikoanzia kumeshaota tena. Baba Tumaini anashinda akiwatembeza watalii huko kreta, akirudi ananiambia nitulie, mtoto tutamleta mwakani. Nitatuliaje? Juzi nilipopiga nilimsikia Tumaini akikuita: "Mama, njoo, mama wa simu anapiga." Yaani mama ni wewe, mimi ni wa simu. Iliniuma, sikufichi.

Basi jana niliamua. Ule upande nilioupanda kwa macho nimeuachia magugu. Mistari ya Mama Paskalina itatosha kodi ya chumba kimoja, na chumba kimoja kinatutosha watatu. Mpunga ukishaingia kwenye magunia napanda basi. Baba Tumaini nilipomwambia aliuliza, "Anavaa viatu namba ngapi, nimnunulie?" Mguu wa mwanangu mwenyewe, ukubwa wake siujui.

Nisalimie mjomba, na shangazi mwambie kitenge chake nakivaa. Mama Paskalina naye anakusalimu, anasema umezaa mbishi.

Na mama, nakuomba, mwite Tumaini akanyage chini vizuri, mpime mguu kwa kamba, uikate hapohapo kwenye kidole gumba, unitumie hiyo kamba. Safari hii sikadirii kwa macho.

Mwanao,
Atupele