Kaseti Haikuwa Tupu

Tandika, Temeke
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Napiga magoti huku huku niliko. Mguu unaendeleaje? Umepungua kuvimba, au bado unagombana na Hashimu hutaki kwenda hospitali? Mie mzima, ila vumbi la hapa linanikaba kifua. Cherehani nayo nzima, kazi ndiyo imedorora. Mitumba imejaa kila kona. Mtu ananunua gauni lililoshonwa huko Ulaya, mie ananiletea nilipunguze kiuno. Basi napunguza viuno, ndiyo kula yangu.

Hashimu, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma taratibu na usiruke kitu. Mkeo Asha naye akae hapo hapo asikie. Wifi, usianze kununa, sina ugomvi na wewe.

Mama, nataka kukwambia habari ya ile kaseti.

Unajua nilivyoondoka kwenye arobaini ya baba. Sikuaga vizuri. Ningeagaje vizuri, na wanawake wote uani wananinong'ona kwamba nilimletea baba yangu mgonjwa kaseti tupu? Niliwaapia kwamba nilisema humo mpaka koo likakauka. Wifi akanivisha hedifoni kwa mikono yake: "Haya, yasikilize hayo maneno yako." Nikasikiliza. Shwaa, shwaa, basi. Nikazivua. Ukanirudishia kile kiredio cha kaseti cha kiunoni, ukasema, "Chukua mali yako, mwanangu. Baba yako alikuwa anakusitiri tu."

Neno lile nakaa nalo kila ninapokanyaga cherehani. Maana ulinisimulia mwenyewe. Kila ikipita alasiri baba alikuwa anavaa hedifoni, anafumba macho, anatikisa kichwa. Ukimuuliza mwanao anasemaje, anakujibu, "Anakusalimu. Barabara ikifunguka atakuja." Siku moja akakwambia, "Ameniomba radhi kwa kuondoka nyumbani bila ruhusa yangu. Nimempa." Halafu wifi akaja kusikiliza mwenyewe, akakuta upepo mtupu. Ndipo mkajua mzee alikuwa anatunga.

Sasa sikia, mama.

Mvua zilipoikata barabara ya kusini, nikajua sifiki Mikindani. Nikanunua hiyo wokimeni, ndicho kile kiredio cha kiunoni, kwa wauza mitumba. Nilifikiria vile baba alivyokuwa mzito wa kusikia, na redio ikipigwa kwa kelele kichwa kinamuuma. Nikaona hedifoni zitamfaa. Sauti yangu nilirekodi kwenye redio kubwa ya Mwajuma, jirani yangu huyu anayeuza vitumbua. Kisha nikaijaribu kwenye hedifoni. Ilitoka safi masikio yote mawili, mpaka nikajionea haya.

Ningeishia hapo! Lakini mikono yangu unaijua. Nikaona aibu kumpelekea baba kitu kikiwa uchi. Tangu lini redio ya kwetu ikakaa bila kitambaa? Nikakifumia kivazi cha kroshia, uzi mweupe, ukingo wa kijani, nikaufuma maradufu ili kisilegee. Nikaacha nafasi ya vitufe, na kijitundu cha kupitishia pini ya hedifoni. Nikaichomeka pini, ikakaa, ikashika. Wala sikuijaribu tena. Ilipokuja meli ya Mtwara nikaukabidhi mzigo. Mzigo ulipanda meli, mie nikaiogopa bahari. Hilo nalo linanisuta, mama, wala sitafuti cha kujitetea.

Tangu nirudi sikutaka hata kukitazama kile kiredio. Juzi nikasema acha niweke taarabu nishonee. Vinanda navisikia, ngoma naisikia, mwimbaji hayupo! Nikampa Mwajuma naye asikilize. Akaangua kicheko: "Shoga, huyu kagombana na bendi, kaondoka zake!" Mie nikajua basi, kimekufa. Nikasema walau nikifue hicho kitambaa, maana bado kinanuka dawa ya kuchua ya baba. Nikakivua, nikairudisha pini bila kitambaa. Ikaingia zaidi, ikasema tik. Yule mwimbaji akanipasukia masikioni, nikapiga ukelele watu wakatoka nje.

Nikaenda kwa fundi redio wa hapa mtaani. Akaniambia pini ya hedifoni sharti ifike mwisho wa tundu. Ikiishia njiani, kile kilicho sawa sikio la kulia na la kushoto kinapotea, kinabaki kile kinachotofautiana. Ndiyo maana vinanda vilisikika. Na sauti ya mtu aliyerekodi peke yake kwenye redio ya Mwajuma ni ile ile pande zote, kwa hiyo inapotea yote, inabaki shwaa. Akakivalisha tena kile kitambaa ili nione. Unene wa uzi tu, mama. Punje ya mchele haizidi.

Nikarudi mbio nikaiweka kaseti ya baba. Nimo humo, mama. Nimo mwanzo hadi mwisho. Nakusalimu wewe. Nasema barabara ikifunguka nitakuja. Namwomba baba radhi kwa kuondoka bila ruhusa yake. Nililia juu ya suruali ya watu niliyokuwa naipinda.

Inaniuma, mama. Inaniuma sana. Jioni zote zile baba amekaa na upepo masikioni, na mie ndiye niliyemziba kwa mikono yangu, nikidhani nampamba. Angesema tu "sisikii," pengine mtu angekivua kitambaa. Hakusema. Alidhani binti yake kakosa la kumwambia, akaona asiniaibishe mbele yenu, akanisemea yeye.

Wifi, ulisikia upepo, ukasema upepo. Hukukosea. Ila ukipata nafasi, wale wa uani nao waambie.

Kaseti na wokimeni nampa binamu Sefu, anakuja kwa basi. Betri nimeweka mpya. Ukisikia sauti inaburuta, ndizo zimechoka. Hashimu, sukuma pini mpaka iseme tik. Ikigoma, izungushe kidogo, usiitie nguvu. Sauti iache katikati, ukiipandisha mno inakwaruza. Na tafadhalini sana, mtu yeyote asikifumie kitu! Kile kitambaa nimebaki nacho mie. Sikukifua tena.

Nisalimie shangazi, umwambie kanga yake nimeipata. Msalimie mwalimu wa madrasa aliyemsomea baba, na jirani yetu wa kisimani aliyekuwa akimletea uji. Watoto wa Hashimu uwabusu kila mmoja.

Mama, vaa wewe kwanza. Utafika mahali ninapoomba radhi, halafu nanyamaza. Usidhani imeharibika tena, hapo nilikuwa nalia. Ukifika kwenye kimya hicho mwambie Hashimu aisimamishe kaseti, kisha uwaambie wote waliopo lile neno la radhi alilokwambia baba. Liseme kwa sauti, na wifi alisikie.

Ni mie mwanao unayenijua,
Zainabu