Sukari Iliposhuka

Dutumi, 4 Februari 2024

Mwanangu Mwanaamina,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama yako Saida anakusalimu sana. Naandika kwa sababu simu naisikia vibaya. Usishtuke: juzi nilianguka shambani. Nilichoma insulini yangu pajani, nikashika jembe nipalilie muhogo. Mara jasho, mikono inatetemeka, nikawa namwita mama yako kwa jina la marehemu bibi yako. Akaninywesha maji ya sukari, nikarudi. Hebu niulizie huko Kisarawe. Dawa ni ileile na kipimo kilekile, sasa imekuwaje?

Baba yako,
Kondo

Kisarawe, 11 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Pole sana. Wajukuu zako wazima. Nimemuuliza daktari. Anasema insulini hiyo ni homoni ya kiwandani, inaiga ile ya mwilini. Ukiichoma inakaa chini ya ngozi, inaingia kwenye damu taratibu. Lakini paja likifanya kazi, damu inakimbia pale na dawa inavutwa haraka. Siku za shamba choma tumboni, na usikose kula.

Mwanao,
Mwanaamina

Dutumi, 20 Mei 2024

Mwanangu,

Alhamdulillahi! Nachoma tumboni, nakula, na bado sukari inashuka. Nimepunguza dawa mwenyewe, inashuka tu. Ugonjwa unaniaga! Jirani Ally anasema ni majani ya mlonge. Miguu imevimba kidogo, uchovu wa palizi huo. Tunachinja mbuzi, tusome dua ya shukrani. Uje.

Baba yako

Kisarawe, 26 Mei 2024

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nilimsomea daktari huku nacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Miguu imevimba tangu lini?" Anasema insulini ya kuchoma ikishafanya kazi, figo ndizo zinazoiondoa kwa sehemu kubwa. Figo zikichoka, dawa inakawia mwilini, inaendelea kushusha sukari. Baba, huenda si kupona. Nisamehe kwa kukuandikia hivi. Mbuzi asubiri. Nenda kituo cha afya Mlandizi wakupime figo, na dawa usiiguse tena bila wao.

Mwanao

Dutumi, 14 Julai 2024

Mwanangu Mwanaamina,

Marahaba. Umeandika tena na tena, sikujibu. Nilikukasirikia. Mtu keshawatangazia majirani amepona, mwanawe anamwambia anaumwa zaidi! Nikakaa na hasira zangu mpaka viatu vikakataa kuingia. Ndipo nikaenda Mlandizi.

Figo zimechoka kweli, ila hazijafa. Wamenipangia insulini kidogo, dawa ya presha, na kurudi kliniki kila mwezi. Daktari kasema, "Mzee, umewahi kiasi."

Mama yako nimemwambia nimekatazwa chumvi, basi. Kila nikitaka kumweleza yaliyobaki, ananitengea chakula, anakaa kunitazama nikila, nami naishia kusifu mboga.

Njoo Jumamosi. Usiseme kitu. Wewe kaa tu karibu yangu nikimwambia.

Baba yako