Alikokuwa Akienda Mke Wangu Jumanne na Alhamisi

Mshauri mpendwa, sijawahi kuandika barua ya namna hii na nilikuwa nikiwacheka wanaoandika, lakini leo nimekaa ndani ya lori nasubiri zamu yangu ya kupakua mzigo na naona nisipomwambia mtu nitapasuka. Mimi ni dereva wa masafa marefu, barabarani wiki mbili, nyumbani siku nne au tano, na mke wangu ni fundi cherehani, tumeishi miaka ishirini na mitatu bila kuitana kwenye kikao cha familia hata mara moja, mpaka mwezi uliopita nilipomwitia mimi.

Alianza kinyozi wa mtaani kwetu. Nilikuwa kwenye kiti chake, kidevu kimejaa povu, akaniambia taratibu, "Kaka, mimi si mmbeya, ila shemeji siku hizi kila Jumanne na Alhamisi saa kumi anafunga banda lake la kushonea, anavaa vizuri, anaingia uchochoro wa nyuma ya zahanati, na kuna mzee anampokea mlangoni." Nikafuatilia nikiwa safarini, kweli, saa hizo simu imezimwa, na nilipomuuliza akasema alikwenda kununua nyuzi, nyuzi zenyewe sikuziona. Ujue mke wangu ni mtu wa kujitenga, vikao vya wazazi shuleni haendi, anasema kazi imembana, na akina mama wa mtaa walipomchagua awe katibu wa kikundi chao aligombana nao siku hiyo hiyo akatoka, wakasema anaringa, nami nikaamini anaringa, tena nikawa najivunia kuwa na mke asiyezurura. Sasa nikaona kumbe kujitenga kote kule alikuwa anaficha kitu.

Nikamwita kaka yangu mkubwa na nikamwita shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu, tukakaa sebuleni kwetu. Kaka yangu akamuuliza mke wangu, "Mama, kuna mwanamume?" Akaangalia sakafu. Kaka akauliza tena. Akasema, "Semeni mnavyotaka." Nikamwambia mbele yao maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na asubuhi yake akapakia cherehani kwenye mkokoteni akaenda kwa kaka yake.

Alhamisi iliyofuata nikaenda mwenyewe kumtafuta huyo mzee, nimejiandaa kwa shari. Nyuma ya zahanati kuna chumba kilichokuwa stoo, dirisha halina kioo, nikachungulia. Watu wazima wanane wamebanana kwenye madawati ya watoto, yupo mlinzi na sare yake, yupo mama muuza mboga, na mke wangu amesimama ubaoni, kidole chini ya maneno, anasoma, "Mto-to a-na ho-ma ta..." akakwama. Yule mzee, mwalimu mstaafu, hakumsaidia, na hakuna aliyecheka, wote wakamsubiri. Jasho linamtoka. Kisha akasema, "Tangu. Mtoto ana homa tangu jana," akarudi kukaa, na mimi nikashika ukuta.

Nikampigia binti yetu, ambaye aliolewa mwaka jana akahamia mbali. Akasema, "Baba, mimi ndiye nilikuwa namsomea tangu nikiwa darasa la pili. Karatasi za shule, dawa, ujumbe wako, kila kitu. Nilipoolewa akabaki bila macho, maana wadogo zangu hakutaka wajue." Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia. Akasema, "Mama alisema ukijua utamwita Mama Dole."

Mshauri, huyo Mama Dole ni mke wa binamu yangu. Miaka mingi nyuma kulikuwa na karatasi za familia za kutia sahihi, yeye akaomba wino atie dole gumba, nami ndiye mchekeshaji wa ukoo, nikambatiza jina hilo na limemganda mpaka leo. Mke wangu siku ile alicheka pamoja nasi. Nakumbuka alicheka kuliko wote.

Jumamosi ijayo kaka na shemeji wanakaa tena kumaliza ndoa. Nikisema nilichokiona, nitamwokoa na aibu moja nimtumbukize kwenye nyingine aliyokuwa radhi kuachika kuliko kuipata. Nikinyamaza, anabaki mzinzi. Yeye hajui kwamba najua. Nifanye nini?

Dereva


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu dereva, nianze kwa kukupa pole, maana ulivyoshika ule ukuta naamini uliumia kweli. Pole yenyewe imeishia hapo.

Unasema mkeo alikuwa anaficha kitu. Alikuwa anakuficha wewe. Mwanamke anayekupikia, aliyekuzalia, amekaa nyumbani kwake miaka ishirini na mitatu akiogopa karatasi iliyo mezani, na aliyemtia hofu hiyo ni mchekeshaji wa ukoo. Kikundi hakukitoroka kwa maringo. Walimpa ukatibu, na katibu huandika, basi akaona afadhali achukiwe kuliko ajulikane. Hebu hesabu ni milango mingapi ameifunga kwa mikono yake, mmoja mmoja, ili asiulizwe swali moja tu. Wapo wengi kama yeye mitaani kwetu, tunawaita wakali, wenye kiburi, wasiopenda watu, kumbe wamechoka kujificha.

Sasa nisikilize. Siri uliyoiona dirishani si yako, usimpelekee mtu yeyote, wala kinyozi. Lakini uongo ulioutangaza ni wako, na utaufuta palepale ulipoutangazia. Usisubiri kikao kianze. Nenda kwa shemeji yako kesho, mwambie mkeo mkiwa wawili tu: nilikufuata, nimekuona, nimekukosea, na nitakayosema Jumamosi utaniruhusu wewe. Usimpongeze kama mtoto aliyefaulu. Omba radhi halafu nyamaza, umwache akae na hasira yake muda anaotaka, maana ana haki nayo.

Jumamosi sema, "Mke wangu hana mwanamume, nilimsingizia." Wakikuuliza alikokuwa anakwenda, wajibu kwamba hilo si lao.

Akikubali kurudi, Jumanne na Alhamisi ukiwa nyumbani chakula ni kazi yako, na ukiwa safarini mpange na watoto waliobaki nani anabeba nini, ili asifike darasani amechoka na akirudi asikute rundo la vyombo linamsubiri. Usijifanye mwalimu wake. Mwalimu anaye, na umeona mwenyewe kwamba anajua kusubiri. Mpigie binti yako umshukuru, alibeba mzigo wa watu wazima tangu utotoni. Na yule mke wa binamu yako, mwende na mkeo mkamwombe msamaha, umwite kwa jina la mtoto wake kama wenye adabu wanavyomwita, na jina lile ulizike wewe uliyelizaa. Kama atataka darasa, mkeo ndiye atakayejua namna ya kumwambia.

Wasomaji wangu, majibu haya nilimpa dereva kwa simu wiki tatu zilizopita, kwa kuwa Jumamosi yake ilikuwa karibu. Leo nayachapa kwa ruhusa ya wote wawili, na yaliyotokea amenisimulia mke.

Mume alipomwendea, mke hakumfungulia mlango siku ya kwanza. Siku ya pili alimsikiliza akiwa amesimama, akamwambia, "Nimekusikia. Nenda." Jumamosi mume alisema nilichomwambia aseme. Kaka wa mume hakuridhika, akang'ang'ania, "Basi huko alikokuwa anakwenda ni wapi?" Mume akajibu, "Hilo halituhusu." Hapo mke akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Nakwenda kusoma. Nilikuwa sijui."

Kaka wa mke akainamisha kichwa. Utotoni yeye ndiye aliyepelekwa shule, dada akabakizwa kulea wadogo, na nyumba yao haikuwahi kulizungumza jambo hilo. Akamwambia, "Nilijua hukusoma. Sikujua kwamba unasoma. Nisamehe, nilikaa hapa wakakusema na mimi sikufungua mdomo."

Nyumbani amerudi, ila kwa masharti, na moja ni kwamba cherehani imebaki kwa kaka yake mpaka amwamini mumewe. Anakwenda huko kila asubuhi kushona. Ninyi wenye haraka ya kusema mambo yamekwisha, hayajaisha. Kwenye kikundi cha akina mama bado hajarudi. Amesema atakwenda siku atakayoweza kusoma ajenda mwenyewe, na nimemjibu kwamba aende hata kabla, kwani si yeye peke yake pale ndani asiyejua kusoma.

Dereva, lako la mwisho. Mkeo ameniomba nakala ya gazeti hili. Amesema itamchukua siku mbili au tatu kumaliza ukurasa, na kuna maneno yatamkwamisha. Atakapokwama, kaa karibu, na usilitamke neno mpaka akuombe.